Bi Radhiya Wakil, Aliyetufundisha Kuulizwa Kabla ya Kuuliza

Tarehe 30 Juni 2025, Bi Radhiya Wakil, mhadhiri mwandamizi wa Kitivo chetu cha Afya na Ustawi, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, karani wa kitivo, na sijui nianzie wapi, maana kila nikimfikiria moyo unanijaa.

Alianza mwaka 1994, muuguzi kijana anayefundisha wauguzi wenzake katika chumba kimoja cha Mji Mkongwe, chini ya feni iliyozunguka ikipenda. Baadaye alisoma shahada mbili huku akilea watoto wanne. Shahada ya Afya na Ustawi tunayoringia leo, yeye ndiye aliyeiandikia mtaala na kuipigania. Watu walimcheka. Walisema afya ni hospitali na dawa, huo ustawi unasomewaje chuo kikuu? Akawajibu kwamba mtu anaweza kupimwa kila kitu akaonekana mzima na bado hapati usingizi, na hilo nalo lina elimu yake.

Ukitaka kujua anavyopendwa, tembea naye. Kutoka Darajani hadi Shangani ni safari ya asubuhi nzima, kwa sababu kila baraza la mbele ya nyumba lina mwanafunzi wake wa zamani wa kuulizwa hali.

Lakini wanafunzi wa kwanza wa shahada ile nusura wawe wa mwisho. Walipofika mwaka wa tatu walikwenda kwenye mafunzo ya vitendo katika kijiji cha wakulima wa mwani, upande wa Paje. Usi, hodari wa darasa, aliingia nyumba ya Bi Mwatum, akamkuta na mke wa mwanawe, aliyeolewa karibuni. Mbele ya mkwewe, akamtaka yule bibi harusi aipe alama raha yake katika nyumba ile, moja hadi kumi. Masikini mtoto wa watu angejibu nini? Akisema kumi anajipendekeza, akisema tano kamtukana mkwe. Alilia, na jioni ile kijiji kikasema wanafunzi wasirudi tena. Bila mafunzo ya vitendo hapana shahada, na chuoni wakubwa wakaanza kuzungumzia kuifunga kabisa.

Bi Radhiya hakutuma mtu. Aliwapakia wanafunzi wote garini, akarudi nao. Tahir, dereva wetu, ambaye tangu mwezi wa Shaaban ni mume wangu (neno hili halinichoshi), ndiye aliyewapeleka, na kila akinisimulia nacheka upya. Bi Radhiya aliwaomba radhi kina mama, kisha akawaambia, "Leo waulizeni nyinyi. Wao watajibu."

Bi Mwatum akaanza na Usi.

"Umekula nini asubuhi?"

"Nshakunywa soda, bibi."

"Soda. Na jana umelala?"

"Kidogo. Nilikuwa nasoma."

"Mamako umezungumza naye lini?"

Usi akainamisha kichwa. Bi Mwatum akawageukia wenzake. "Huyu ndiye mtaalamu wa ustawi. Mtilieni chai, asije akatufia mikononi."

Kina mama wakacheka hadi wakafutana machozi, na yule bibi harusi, Nasima, ndiye aliyeleta chai. Usi akamwomba radhi. Siku ile ukazaliwa utaratibu ambao vyuo vingine sasa vinakuja kuuona: wanafunzi wetu huulizwa kwanza wao, na maswali ya ndani huulizwa faragha. Shahada ikapona, na watoto waliotoka humo wanafanya kazi kuanzia Nungwi hadi Kizimkazi.

Alipokaribia kustaafu, tuliogopa. Kijiji kile kilikuwa kinampokea yeye, je, kingetupokea sisi? Mwezi uliopita alifanya kusudi akabaki mjini, akamtuma Usi, ambaye sasa ni mhadhiri mwenzake, awaongoze wanafunzi. Kutwa nzima alikuwa akipita mlangoni kwangu na kuniuliza kama Tahir kapiga simu. Alasiri simu yake mwenyewe ikalia. Alikuwa Bi Mwatum.

"Wamekuja, na wote wameshakula. Darasa tumemwachia Usi. Wewe usijisumbue tena, ukija uje kututembelea tu."

Bi Radhiya alikaa kwenye kiti changu, akatabasamu peke yake kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Bi Radhiya, ahsante kwa kila mwanafunzi uliyemfanya mtu. Mzee Mansour, mumeo, amekungoja getini na vespa yake miaka yote hii, nami nilikuwa nikiwatazama dirishani na kuomba nami nijaaliwe mapenzi kama hayo. Siku ya kustaafu panda, umshike vizuri, na wala usigeuke nyuma. Mwenyezi Mungu awape afya, usingizi mtamu na maisha mema pamoja.