Kiti Ambacho Akina Mama wa Nangara Hawakukikalia

Bwana Yesu asifiwe! Naona wengine macho yenu yapo kwenye mfuko wangu. Tulieni, kilichomo mtakiona. Mchungaji ameniomba nisimame sehemu moja, nisizunguke na maiki, lakini mnanijua, miguu yangu haikai. Nikianza kutembea nivumilieni.

Sitataja jina la mtu. Waliomo humu ndani watajijua, na wakitaka kucheka wacheke.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nilipokuwa mwaka wa pili chuo cha ufundi hapa Babati, lilikuja shindano la wanafunzi: buni kitu kitakachotatua shida ya watu wa mtaani, na hapohapo kiweze kuwa biashara. Mshindi angepewa mtaji na sehemu ya kufanyia kazi. Ndugu zangu, siku nilipoliona tangazo ukutani sikula mchana. Mama yangu husema nilizaliwa mkunga akiwa bado ananawa mikono, na ndivyo nilivyoishi.

Shida niliijua, au nilidhani naijua. Nani hapa hajapukuchua mahindi kwa mkono mpaka kidole gumba kikachubuka? Wiki mbili tu, mashine ikawa tayari: kiti cha baiskeli juu, pedeli chini, unakanyaga, punje zinamwagika. Niliijaribu mwenyewe karakanani nikiwa na ovaroli yangu, ikafanya kazi vizuri sana. Nikaipeleka mtaa wa Nangara kwa mama mmoja, nikaishusha uani, nikamwonyesha mara moja, nikaondoka mbio kwenda kuandaa maelezo ya majaji.

Majaji walitaka picha ya watu wanaoitumia. Sasa kurudi Nangara niliona ni kupoteza muda. Nikaunda ya pili, nikamchukua mwenzangu wa darasani, nikamvika kitenge na kilemba, nikampandisha. Akaniambia, "Dada, mbona kitenge kinapanda?" Nikamjibu, "Kishike kwa mkono mmoja, ni picha tu!" Nawaambia, jibu la mambo yote lilikuwa pale mbele yangu, na mimi nikabonyeza simu.

Siku ya kujieleza nilisimama nikasema akina mama wa Nangara wanaitumia mashine yangu kila wiki. Watu wakapiga makofi. Nikaingia fainali.

Nilichosahau ni kwamba kabla ya fainali majaji huenda kujionea wenyewe. Tulipofika uani kwa yule mama, mashine ilikuwa imeegemezwa ukutani, na juu ya kiti kulikuwa na kuku.

Jaji akauliza, "Mama, hii mashine inawasaidia?"

Yule mama ni mtu wa Mungu, hajui kupindisha neno. Akasema, "Inawasaidia kuku."

Jaji akamwonyesha picha. "Na huyu ni mwenzenu?"

"Huyo simjui, baba. Si wa huku."

Wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Niliondolewa kwenye shindano. Mwalimu wangu wa karakana, aliyenitetea tangu siku ya kwanza nilipoambiwa uchomeleaji si kazi ya wasichana, hakunigombeza. Alizima mashine yake, akavua miwani, akatoka nje. Heri angenipiga.

Nikaacha chuo. Kila siku nilitoka nyumbani Maisaka asubuhi, nikatembea mpaka Bagara, nikarudi, bila safari yoyote. Nikisikia mlio wa grenda ikikata chuma mahali, nabadilisha njia. Niliona aibu, wapendwa, na nilikuwa na hasira, na nusu ya hasira hiyo nilimwekea yule mama. Niliwaza, angepungukiwa nini kusema inatusaidia?

Mwishowe nikavaa ovaroli yangu, nikaenda Nangara kuichukua mashine niiuze kama chuma chakavu. Nikawakuta akina mama watano wamekaa kwenye vigoda wakipukuchua, na baba mkwe wa yule mama amekaa pembeni na fimbo yake. Nikasalimia, shikamoo, shikamooni, huku mkono uko tayari kwenye mashine.

Mama akasema, "Kaa kwanza."

"Nina haraka, mama."

"Haraka ya kwenda wapi? Kaa."

Nikakaa. Nikapukuchua nao mpaka kidole kikawaka moto. Ndipo nikauliza, "Lakini kwa nini hamkuitumia?"

Wakatazamana. Mama akaingia ndani, akarudi na kitenge. "Vua hiyo ovaroli, jifunge hiki, kisha upande mwenyewe."

Nikabadilisha, nikapanda. Nilipokanyaga mara ya kwanza, kitenge kikafika gotini. Mara ya pili, kikapita goti. Yule mzee akakohoa, akachukua fimbo yake, akaingia ndani bila kuaga. Mama akaninong'oneza, "Umeona? Huyo ni mkwe wangu. Nipande hapo nijivunjie heshima mbele yake kwa ajili ya mahindi?"

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Ulituuliza lini, mwanangu? Ulishusha chuma, ukakimbia."

Nililia pale juu ya kile kiti, na wao wakacheka, na mimi nikacheka huku nalia.

Kesho yake nilimfuata mwalimu nikamwomba msamaha. Akanipokea tena chuoni, akanipa ufagio. Nilifagia karakana ile muhula mzima kabla sijaruhusiwa kushika tena moto wa kuchomelea. Kisha nikakikata kile kiti cha baiskeli, nikaishusha mashine mtu aitumie akiwa amekaa kwenye kigoda, nikaweka gurudumu la kuzungusha kwa mkono. Kila nilipoipeleka Nangara niliambiwa: punguza hapa, hiki kinagonga goti. Nilipeleka na kurudisha mpaka nikachoka, na safari hii sikukimbia.

Shindano lililofuata niliomba tena. Neno langu la kwanza mbele ya majaji lilikuwa, "Mara iliyopita niliwadanganya." Walipokwenda Nangara, akina mama hawakuinuka hata kuwapokea. Waliwaambia, "Karibuni, kaeni hapo, tumalizie gunia hili." Majaji wakakaa wakangoja! Nikapata nafasi ya tatu, na wala sikukosa usingizi.

Namshukuru mwalimu wangu kwa ule ufagio. Namshukuru mwenzangu aliyevaa kilemba, nilimwingiza kwenye uongo wangu na akanisamehe. Na wewe mama yangu wa Nangara, usiinamishe kichwa, ungenihurumia siku ile kwa neno moja tu la uongo, leo ningekuwa na cheti ukutani na kuku juu ya kazi yangu.

Sasa nafungua mfuko. Ndicho hiki, kiti chenyewe. Wanafunzi wakija kwangu na mawazo yao ya mashindano, macho yanawaka, miguu haitulii kama yangu, siwavunji moyo. Nawaambia shindaneni, shindaneni sana. Ila kwanza nampa kila mmoja kiti hiki akishike, namwuliza: nani atakikalia, na umeshakaa naye?