Ngolo Juu ya Asparagasi

Mheshimiwa Diwani, mgeni rasmi wa shughuli hii. Ndugu Mtendaji wa Kata ya Kingerikiti. Baba Paroko Raimundi. Wakulima wenzangu wa asparagasi. Wageni mliopanda mlima kutoka Chiwanda. Na wewe Bibi Shamba wetu, Devotha Kapinga, ambaye leo tunakuaga baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi: wakubwa zangu shikamooni, walio wadogo kwangu nawaitikia marahaba kabisa ili tuokoe muda, na kwa wote, Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Othmar Ndunguru, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa asparagasi. Nimepewa dakika kumi za kumsifu Bibi Shamba. Mheshimiwa Diwani amenitangulia, na amesema zao hili lilipoletwa tulilipokea kwa mikono miwili. Nilikuwapo, Mheshimiwa. Mikono tulikuwa nayo mifukoni.

Miaka kumi na mitatu iliyopita alituonyesha mbegu nyeusi zinazofanana na pilipili manga. Akasema mmea huu ukishika unakaa ardhini hata miaka kumi na mitano, na kinacholiwa ni chipukizi, linakatwa likiwa changa kabla halijatoa matawi. Mke wangu Marselina akauliza, "Na yale majani yake tunayafanyia nini?" Akajibiwa, "Mnayaacha." Nawauliza, ndugu wageni waalikwa, ni mwanamke gani wa Kimatengo atakayeacha majani yasimame shambani mwaka mzima na majirani wanapita?

Kijiji kilimwazima kipande cha ardhi pale nyuma ya ghala la kahawa, akapanda miche mia moja na sitini. Kila mche akaupa kibao cha bati chenye namba. Kila alichovuna alikipima na kukiandika kwenye daftari, na kila Jumapili ya pili baada ya Misa alichemsha machipukizi kidogo, akatupa tuonje, akatupa na karatasi tuandike maoni. Namba arobaini na moja ilizaa kupita zote. Baba Paroko alipoionja aliandika, "Inatafunika." Namba mia moja na kumi na mbili ilikuwa tamu ajabu. Hapo Baba Paroko aliandika, "Ipo nyingine?" Haikuwapo. Ilikuwa imetoa machipukizi manne kwa msimu mzima, na yote tulikuwa tumeyamaliza.

Sasa mama huyu akaamua kuzioanisha hizo mbili, apate mtoto mwenye uzazi wa baba na utamu wa mama. Arobaini na moja ilikuwa dume, mia moja na kumi na mbili jike. Akalifunika jike kwa kipande cha chandarua ili nyuki wasimletee chavua ya dume mwingine. Watu walipita wakaona mmea umelala ndani ya neti, na kuna waliokwenda zahanati kuuliza kama ugawaji umeanza. Yeye alikaa pale kwenye kigoda na manyoya ya kuku mkononi, akipaka chavua kwenye ua moja hadi jingine, maua madogo kuliko punje ya mtama. Akapata mbegu. Mbegu zikatoa miche sitini. Ilikuwa kazi ya miaka mitano, na yote ilikuwa imesimama kwenye kitalu kimoja.

Ndugu zangu wa mwambao, ninyi mnalima tambarare, kwa hiyo niwaeleze kidogo. Huku kwetu mlimani, mwezi Machi, mwanamume anafyeka majani na kuyapanga chini kwa mistari inayokatizana, yanakuwa vyumba vya mraba. Mwanamke anachimba katikati ya kila chumba na kuyafunika yale majani kwa udongo. Katikati linabaki shimo, pembeni tuta, na juu ya tuta tunapanda maharage. Hiyo ndiyo ngolo. Imeuzuia mlima huu usiporomokee ziwani tangu enzi za mababu, na mwanamume ambaye Machi hajafyeka anaulizwa kama anaumwa.

Mwaka ule, mwezi Machi, Bibi Shamba alikwenda Songea kupasuliwa jicho. Aliniachia kitalu kwa wiki tatu. Maneno yake nayakumbuka: "Baba Hilda, kitunze kama shamba lako."

Nilikitunza kama shamba langu.

Mtaniuliza, hukuona miche? Niliiona. Niliona majani yamesimama, ni Machi, na mimi tayari ni mwenyekiti wa kikundi. Nikafyeka. Vile vibao vya bati nilivikusanya vizuri, nikaviweka kwenye ndoo, na hakikupotea hata kimoja. Marselina akachimba. Miche thelathini na minane ilikuwa mahali pa mashimo, ikang'oka. Ishirini na miwili ilifukiwa chini ya matuta. Juu yake tukapanda maharage ya njano.

Bibi Shamba alirudi na plasta kwenye jicho, akakuta maharage yameshachipua. Aliinama kwenye ndoo, akavisoma vibao kimoja kimoja, vyote sitini. Kisha akasema, "Haya." Alikaa juu ya tuta akanigeuzia mgongo, nikaona mabega yake yanatikisika, na daktari alikuwa amemkataza kulia. Nilitamani anitukane.

Mwezi uliofuata kulikuwa na mkutano wa kijiji wa kuamua kama ardhi ile irudishwe, maana walikuwapo waliosema inachezewa. Kama wangejua mwenyekiti mwenyewe ameifyeka, ingerudishwa siku ileile. Bibi Shamba akasimama, akasoma taarifa yake. Ilisema, "Mkulima Othmar Ndunguru amebuni njia ya kufukia asparagasi kwa ngolo, na tunasubiri matokeo." Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Matokeo yakaja Juni. Katikati ya maharage tuta likapasuka, likatokeza chipukizi jeupe kwa kukosa jua, nene kama dole gumba langu. Miche saba tu ndiyo iliyokuwa imehimili kule chini, na huo mmoja uliishinda yote. Bibi Shamba akalikata, akalivunja, nusu akatafuna palepale likiwa bichi. Akafumba jicho lililopona na lisilougua. Akaniambia, "Baba Hilda, umeniharibia miaka mitano." Halafu akanipa nusu ya pili. "Onja."

Ndiyo hiyo mnayoilima leo. Mashina yote ya kata hii yametokana na mche ule mmoja kwa kugawa mizizi, na ndiyo inayoteremka kila Ijumaa kwenye nyumba za wageni kule Mbamba Bay.

Mimi kwa ajili yake nilipewa baiskeli na cheti cha mkulima mbunifu. Nimeiendesha baiskeli ile miaka minane. Kila Machi Marselina ananigongea mlango, anasema, "Mbunifu, twende shamba." Nilikuwa namwambia Bibi Shamba kwamba nitakuja kusema ukweli, naye ananijibu, "Endesha baiskeli yako." Leo saa tisa anapanda gari kwenda kwao Litumbandyosi, na nisiposema sasa sitasema tena.

Mheshimiwa Diwani, muda si mrefu utakiondoa kitenge kwenye kibao kile pale. Kwenye ratiba yako imeandikwa kwamba mbegu hii inaitwa Othmar. Usishtuke. Asubuhi nilipitia pale na rangi, na sasa inaitwa Devotha. Herufi ya mwisho imebanwa kidogo kwa sababu jina lake ni refu kuliko langu.

Bibi Shamba, nisamehe. Nilipaswa kukuomba msamaha siku ile kwenye tuta, nikashindwa, ukanibeba mbele ya kijiji kizima, na hukunidai hata shukrani. Kwenye gunia lile lililofungwa kamba ya katani kuna mashina saba ya Devotha. Nimeyachimba mwenyewe, taratibu, kila moja na kibao chake. Kayapande nyumbani kwako. Na ukiona nakuja kukutembelea, mama, nakuomba sana, tazama kwanza kalenda. Ikiwa ni Machi, nirudishe.

Kwa kunivumilia hadi hapa, ninyi nyote, asanteni sana.