Mchanga Ulioanikwa Juani

Wasikilizaji wapendwa, mugonile. Karibuni kwenye kipindi chetu cha kumbukumbu. Kama unapepeta mpunga, endelea kupepeta, ila masikio nipe mimi, Prisca. Leo tunamkumbuka mtu aliyejua umri wa mawe na milima, lakini umri wake mwenyewe alikuwa anausahau.

Jina lake ni Mzee Angetile Mwasomola wa Bujonde. Nasema tena, Mzee Angetile Mwasomola, mjiolojia mstaafu. Amefariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na tisa. Hiyo sabini na tisa nimepewa na mkewe, Mama Damari. Ukimuuliza mwenyewe alikuwa anajibu, "Andika themanini. Kwenye mawe hiyo tofauti haionekani."

Alizaliwa hapahapa Bujonde, katikati ya mpunga na kakao. Akasoma, akaajiriwa serikalini, akazunguka nchi na nyundo yake mpaka alipostaafu. Kisha akarudi nyumbani. Wastaafu wengine wakirudi hukaa barazani wakisubiri kuamkiwa. Yeye akaanza kuchimba mashimo. Majirani wakadhani anatafuta dhahabu, na wengine, mwe, wakaanza kumsalimia kwa adabu kuliko zamani.

Na ole wako upande naye basi la kutoka Dar es Salaam. Binti yake, Jubilate, ananiambia hotuba ilikuwa ni ileile kila safari. "Baba alikuwa anasema safari hii nzima ndiyo umri wa dunia. Dar dunia inazaliwa. Morogoro tunapita, hakuna mtu, hakuna hata samaki. Tukishaipita Iringa ndiyo miamba ya milima ya Livingstone inaanza kuiva. Tunafika Tukuyu, makaa ya mawe ya Kiwira bado ni majani kwenye matope. Ziwa Nyasa linaanza tukiwa tayari tunaziona nyumba za Kyela. Na binadamu anadandia gari likiwa linaingia stendi."

Jubilate anasema abiria walikuwa wanacheka mpaka kondakta anauliza, "Sasa huyo wa stendi ndiye anayejifanya mwenye gari?" Mzee akapenda sana swali hilo. Akalirudia kanisani, na mchungaji naye akalipenda.

Lakini, wasikilizaji wapendwa, kubwa la leo ni mchanga.

Miaka michache iliyopita wana Bujonde wa kitongoji chake waliamua kujenga zahanati. Mama akishikwa na uchungu wakati wa masika, kumfikisha hospitali mjini ilikuwa vita. Matofali yalishachomwa. Kilichobaki ni mahali. Mzee Yusto, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, alitaka ijengwe kwenye mwinuko ulio nyuma ya mashamba. Yusto na Angetile ni majirani, walipata kipaimara siku moja, na walikuwa wakibishana tangu wakiwa na kaptula.

Angetile alikataa. Alisema mwinuko ule ni mchanga uliorundikwa na mto juzijuzi, na mto ukiweka mchanga mahali huwa unarudi kuuchukua. Afadhali kule chini karibu na barabara, udongo wake ni mgumu na gari litafika kirahisi. Watu wakagawanyika. Hatimaye wakakubaliana kwamba mchanga wenyewe upimwe umri. Ukiwa mchanga wa juzi, zahanati iende barabarani. Ukiwa wa kale, ijengwe mwinukoni.

Mchanga unapimwaje umri? Alinieleza mwenyewe, hapa studio, na nitajitahidi nisimwaibishe. Punje ya mchanga ikiwa juani, saa yake ni sifuri. Ikifukiwa gizani, saa inaanza. Inajikusanyia nguvu kidogo kidogo kutoka kwenye udongo unaoizunguka, mwaka hadi mwaka. Maabara wanaiamsha kwa mwanga, nayo inatoa kamwanga hafifu. Hako kamwanga ndiko wanakokapima. Kakiwa kengi, ujue punje imekaa gizani muda mrefu. Sharti ni moja tu: njiani isione jua. Ikiona jua, saa inarudi sifuri.

Basi Mzee akachimba shimo pale mwinukoni, akagongelea mabomba ya chuma kwenye ukuta wa shimo, akayaziba huku na huku kwa plastiki nyeusi. Mabomba akayaweka chumbani. Kesho yake akaenda Kyela mjini kutafuta namna ya kuyasafirisha hadi maabara.

Mama Damari, mkewe, ni Mkisi wa kule ufukweni, mtoto wa wafinyanzi. Amekua akiona vyungu vinakaushwa kabla ya kuchomwa, maana chungu kibichi kikiingia motoni kinapasuka. Acha nimpe nafasi asimulie mwenyewe.

"Nilipita chumbani nikasikia harufu ya unyevu. Nikafungua bomba moja, mchanga umeloa! Nikasema, masikini baba wa watu, mali yake itaharibika. Nikafungua na mengine, nikaumimina wote kwenye ungo, nikauanika nje pamoja na mpunga. Na nikawa naugeuza, mwanangu, ukauke vizuri pande zote."

Pande zote, wasikilizaji! Miaka yote iliyojikusanya kwenye ule mchanga ikaishia uani, kuku wakiangalia.

Mzee akarudi. Akauona ungo. Akakaa chini palepale. Mama Damari anasema alidhani mumewe ameugua ghafla, kumbe anacheka, anacheka mpaka anakohoa. "Akaniambia, Mama Jubilate, mchanga huu umeuzaa leo. Nami nikamjibu, basi tuutafutie jina."

Hapo walicheka. Lakini mkutano wa kijiji ulikuwa Jumamosi, na jibu hakuna.

Jumamosi darasa la shule ya msingi lilijaa. Yusto akasimama mbele. "Haya, profesa. Mchanga una miaka mingapi?"

Ilikuwa rahisi kutaja namba yoyote. Nani pale angembishia? Angesema miaka mia mbili, zahanati ingeenda barabarani kama alivyotaka mwenyewe. Mzee Angetile akasema, "Sijui."

Watu wakaguna. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Miaka yote ile kazini, na hujui?"

"Sijui," akarudia. "Mchanga umeona jua, na kosa ni langu, sikumweleza mtu nyumbani. Ninahisi ni mchanga wa juzi. Lakini kuhisi si kupima. Nipeni mpaka mavuno, nichimbe upya."

Wakampa, kwa kunung'unika. Alichimba upya. Safari hii mabomba alilala nayo, na Mama Damari akawa mlinzi mkali kuliko yeye. Anasema hata mchungaji alipokuja kusalimia hakuruhusiwa kuyagusa.

Majibu yalikuja kwa simu. Mchanga wa mwinukoni uliona jua mara ya mwisho karibu miaka elfu nane iliyopita. Miaka elfu nane! Ulikuwa ufukwe wa zamani wa ziwa, na tangu ulipofukiwa, mto haujawahi kuupanda. Mzee Angetile alikosea. Yusto ndiye aliyekuwa sahihi.

Alichofanya baada ya kukata simu ndicho kinachonifanya nimpende. Hakungoja mkutano. Alivaa kandambili akaenda moja kwa moja kwa Yusto, akamkuta anageuza kakao kwenye jamvi. Akamshika mkono, uso umejaa furaha. "Yusto, umenishinda. Mwinuko wako ni mzee kuliko ubishi wetu. Ndaga fijo, asante sana. Ungenisikiliza mimi, tungejenga pabaya."

Zahanati ikajengwa mwinukoni. Masika ya mwaka juzi maji yalifunika kule barabarani, vibanda vikabaki mapaa. Mwinukoni hapakulowa. Wiki ile ya mafuriko walizaliwa watoto watatu pale, na wote ninawaona wakikimbia kijijini hadi leo.

Juzi nilihudhuria mazishi. Mzee Yusto alisimama pembeni ya kaburi wakati wengine wameanza kuondoka. Nilimsogelea kumpa pole, akaniambia maneno haya, na ameniruhusu niyaseme.

"Siku ile alipokuja kunipa ushindi, nilimjibu 'sawa', nikaendelea na kakao yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, si kwa furaha. Nikasema nitamshukuru siku nyingine. Miaka imepita, tumeonana kila siku. Leo nimemshukuru hapa, na hajanijibu."

Pole sana, Mama Damari. Pole, Jubilate, na watoto na wajukuu wote. Poleni wana Bujonde, na pole kwako, Mzee Yusto. Bwana ampumzishe kwa amani.

Wasikilizaji wapendwa, nina ombi moja. Wengi wetu tuna mtu tuliyebishana naye, akakubali kwa moyo mweupe kwamba sisi ndio tulikuwa sahihi, nasi tukamjibu "sawa" tu. Ukizima redio, mtafute. Mshukuru leo, wakati bado anaweza kukucheka.