Mwalimu Sefania, Aliyetembea Nyuma Yetu

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu ambaye huwa ananisoma usoni. Mwezi uliopita Mwalimu Sefania aliniomba niyashike matembezi yake ya Jumamosi atakapoondoka, na mpaka leo sijamjibu. Tunapishana koridoni, namwamkia, anaitikia, anasimama kidogo kunipa nafasi ya kusema neno, nami natazama viatu vyangu. Nimelitoa hapa mwanzoni ili lisinisumbue nikiandika mengine, maana ukurasa huu si wangu. Ni wake.

Mwalimu Sefania Shemhilu anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kuitumikia hospitali yetu hapa Gare kwa miaka thelathini na miwili. Watumishi wanamjua kama msimamizi wa chumba cha mazoezi tiba. Wagonjwa wanamjua kama yule mzee anayecheza.

Dada Rahma, katibu muhtasi, ndiye aliyeshauri kwamba safari hii wasifu wa anayestaafu usiandikwe na ofisi, uandikwe na mmoja wa watu aliowafanyisha mazoezi. Akanichagua mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu, kwa hoja kwamba mtu asiyeongea lazima ana maneno mengi yamembakia. Nilianza kwa Kiingereza. Ndicho tunachoandikia shuleni, na nikiwa ndani yake naona haya kidogo zaidi, kama nimevaa koti la mtu mwingine. Nilipofika mstari wa tatu nikaona Mwalimu hayumo. Nikachana.

Mwalimu alizaliwa Mtae, kule ukingoni ambako barabara inakata tamaa. Aliajiriwa hapa akiwa kijana wa kufagia wodi na kusukuma vitanda. Inasemekana mganga mkuu wa wakati ule aligundua kwamba katika wodi ya wanaume wagonjwa walikubali kuinuka kitandani siku za zamu ya Sefania tu. Alipochunguza, akaambiwa kijana anawapangia mashindano ya kuinua vidole vya miguu, na anayeshindwa analipa kwa hadithi. Akapelekwa Moshi kusomea mazoezi tiba. Aliporudi alikabidhiwa stoo ya vitanda vibovu, akaigeuza kuwa chumba tunachokijua leo: baiskeli isiyo na magurudumu iliyofungwa kwenye ubao, kapi la kisimani la kunyooshea mabega, na viroba vya mchanga alivyoshona mke wake, kimoja kina maua.

Katika chumba hicho hakuna zoezi lenye jina la kutisha. Kunyoosha mikono juu ni kuchuma matunda ya plamsi mtini. Kuruka huku unapiga makofi ni kufukuza tumbili kwenye mahindi. Kurusha mikono huku na huku kwa haraka ni kuanua nguo, ukungu umeshafika kwa jirani. Nimewaona akina mama walioandikiwa mazoezi kwa ajili ya presha, wameingia wamenuna kabisa, wameapa hawatayafanya, wakajikuta wameanua nguo za kijiji kizima kabla hawajakumbuka kukataa.

Mimi nililetwa kwake nikiwa darasa la saba, nina pumu. Nyumbani nilikuwa nimekatazwa kukimbia, kucheka sana, na kutoka nje ukungu ukishuka, na kwetu ukungu haukai siku mbili bila kushuka. Wakati wa michezo shuleni kazi yangu ilikuwa kulinda masweta ya wenzangu. Nilidhani Mwalimu atanipima. Badala yake alitoa unyoya wa kuku mfukoni, akauweka katikati ya meza, akanieleza kwamba goli langu ni upande wa dirisha na lake ni upande wa mlango, na kwamba mikono hairuhusiwi. Tukaanza kuupuliza. Nikamfunga. Akadai nimetumia kiwiko. Nikamfunga tena. Daktari alipoingia kuniangalia, alimkuta mtumishi wake mwandamizi amepiga magoti chini ya meza akilalamika kwamba refa amehongwa, na refa hakuwepo.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nilipokohoa hakushtuka kama watu wa nyumbani wanavyoshtuka. Alingoja, akaniambia nitoe pumzi taratibu, kama napoza chai. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mazoezi yalikuwa yameshaanza tangu nilipoingia. Dawa yangu ya kuvuta bado naibeba, na yeye ndiye anayeuliza kila safari kama ninayo. Lakini masweta ya watu siyalindi tena.

Sijawahi kumsikia akimwita mtu mvivu, wala mnene, wala mzembe. Kuna watu wanapotea miezi, wanaona aibu kurudi, wanazunguka nje ya chumba kama wanatafuta dirisha la dawa. Akiwaona haulizi walikuwa wapi. Anawaambia, "Umekuja wakati mzuri, ndiyo kwanza tunaanza." Anasema hivyo hata kama tumeshamaliza na viroba vimerudishwa ukutani. Basi tunavishusha, tunaanza.

Kazi yake iliyo kubwa kuliko zote, hata hivyo, haimo kwenye mkataba wake. Ni matembezi ya Jumamosi asubuhi, kutoka geti la hospitali kupanda mpaka kwenye mikaratusi, na chanzo chake ni aibu. Mwenyewe husimulia huku anajifunika uso.

Miaka ya mwanzo alikuwa akiwachukua wauguzi vijana na kukimbia nao mlimani. Asubuhi moja walimpita Mzee Aron, katekista mstaafu, akiteremka na mzigo wa majani ya ng'ombe. Hakuna aliyemwamkia. Haikuwa dharau, pumzi hazikuwepo. Lakini kwetu jambo hilo halina maelezo. Mzee Aron alitua mzigo, akageuza njia, akaenda moja kwa moja kwa paroko kumweleza kwamba hospitali inawafundisha mabinti kuwapita wazee kama wanapita mawe.

Kesho yake Mwalimu akawaongoza kwenda kuomba radhi. Nyumba ya Mzee Aron iko juu, njia yake inapanda kama ngazi. Walifika wanatweta, wakatoa shikamoo vipande vipande. Mzee alikuwa ameketi barazani, miguu ameinyoosha.

"Hiyo siipokei," akasema. "Teremkeni, mpande tena."

Wakateremka. Wakapanda. Hakuipokea. Majirani wakaacha majembe wakaja kutazama. Mwishowe muuguzi mmoja, kwa kuchoka tu, alipanda hatua kwa hatua kama bibi harusi, na shikamoo yake ilipotoka ilitoka nzima, akaulizia na hali ya nyumbani, na ng'ombe, na magoti ya mzee. Mzee Aron akaitikia marahaba, akasogea kumpa nafasi ya kukaa. Wengine walielewa somo, wakapanda kwa mwendo ule ule, wakajaza baraza.

Mwalimu anasema aliiona adhabu ile ni tamu mno kuachwa pale. Tangu siku hiyo tunatembea kwa kile tunachokiita mwendo wa salamu. Upande mlima kadiri upendavyo, mradi ukikutana na mkubwa wako uweze kumwamkia na kumjulia hali mpaka mwisho bila kukata. Ukikata, umezidisha. Mzee Aron naye, mpaka anafariki, alidai kwamba yeye ndiye mwanzilishi wa mazoezi ya hospitali na kwamba anadai sare.

Kwa muda mrefu sikuelewa kwa nini Mwalimu anatembea wa mwisho. Nilidhani ni umri, halafu nikaambiwa alitembea nyuma hata alipokuwa kijana. Tunapanda kwa mstari mmoja kwa sababu njia ni nyembamba kati ya makabichi na mteremko. Mtu mzima akitokea mbele, salamu zinaanza kwa wa kwanza na kushuka kwa mstari mzima mpaka nyuma. Mwalimu anazisikiliza zinavyokuja. Anajua ya kila mmoja ilivyo akiwa mzima. Inayokuja imekatika, au imefupishwa, anaifuata. Anapita pembeni, anakwenda kutembea na mwenye nayo, anamsimulia jambo lolote la kijinga, na mtu anapunguza mwendo bila kuambiwa apunguze. Mimi mwenyewe nilipunguzwa mara nyingi nikidhani nasikiliza habari za mbuzi wake.

Wenzetu nao wamejifunza kusikiliza, ila kwao ni silaha. Mzee Twaha, fundi cherehani aliyepata kiharusi, huwa anamwambia Mama Shukrani, anayeuza mboga sokoni na ana kisukari, kwamba nusu ya shikamoo yake ameiacha darajani, arudi akaichukue. Mama Shukrani humjibu kwamba yeye angalau anayo ya kuacha, shikamoo ya Mzee Twaha aliiazima kwa wateja. Wanatukanana hivyo mpaka kwenye mikaratusi, na kwa ushahidi wa Mwalimu, anayetukana vizuri bado ana pumzi.

Mwaka jana Mwalimu alichukua likizo ya mwezi mmoja. Hakuna aliyeitisha matembezi. Kila mtu alidhani mwenzake ataitisha. Aliporudi alimkuta Mzee Twaha amekaa kitini, mguu umekaza, anatembea kwa kushika ukuta kama siku alizotoka wodini. Ilichukua muda mrefu kumrudisha njiani. Sasa mwezi hautakuwa mmoja. Mtumishi mpya atakuja, lakini atakuwa wa chumbani, siku za kazi. Jumamosi haina mwenyewe.

Ndiyo maana aliniita. Nilimwambia kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri kwamba mimi siwezi kusimama mbele za watu. Alishangaa kwelikweli, hakuwa anaigiza.

"Mbele?" akaniuliza. "Umewahi kuniona mbele?"

Nikasema hapana, Mwalimu.

"Kusema watasema wao, hawa hawanyamazi hata ukiwalipa. Mimi natafuta mtu wa kusikiliza, na wewe tangu uje hujafanya kazi nyingine."

Nikatazama viatu. Akaniambia nisijibu siku hiyo, akaenda kufunga madirisha.

Jumamosi iliyopita nilitembea nyuma pamoja naye, bila kuahidi kitu. Asubuhi ilikuwa na ukungu mzito, wa mbele hawakuonekana, sauti zao tu. Karibu na mikaratusi tulikutana na bibi mmoja amebeba kuni. Shikamoo zikaanza kushuka kwetu ndani ya ukungu, moja baada ya nyingine. Ya Mzee Twaha ilikuja nzima, na madaha juu yake. Ya Mama Shukrani ikaja nzima pia. Lakini hakuulizia nyumbani. Mama Shukrani huulizia nyumbani, watoto, kuku, na bei ya viazi, kila siku, kwa kila mtu. Safari hii alisema shikamoo, akanyamaza.

Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu, na kiatu kilikuwa kimefungwa.

Nikapita pembeni ya makabichi, nikaenda kutembea na Mama Shukrani. Sikuwa na hadithi ya mbuzi. Nilimuuliza tu kama amekunywa chai. Akanitazama kama mtu aliyeamshwa, mikono inamtetemeka, jasho limemtoka na baridi ile. Alikuwa amewahi kupakia mboga za soko alfajiri, akameza dawa zake, akasahau kula. Nikamkalisha kwenye ukuta wa mawe. Nilipogeuka kuita, Mwalimu alikuwa ameshafika, na ndizi mbivu mkononi ameshaimenya, na chupa ya chai yenye sukari kwapani. Mama Shukrani alikula, akanywa, na baada ya muda akamwambia Mzee Twaha aache kumkodolea macho, yeye si nguo ya kushonwa. Tukacheka wote, tukateremka taratibu tukamfikisha hospitalini apimwe. Sasa ni mzima.

Mwalimu hakunipongeza wala hakulitaja tena. Lakini usiku ule sikupata usingizi mapema, nilikuwa nawaza. Nilikuwa nawaza ni mara ngapi, kwa miaka yote hiyo, amesikia kitu kidogo kama kile na kukifikia kabla hakijawa habari. Kwenye taarifa za hospitali mna waliovunjika, waliolazwa, waliopona. Hamna mahali pa kuwaandika watu ambao hawakuanguka. Wako sokoni, wako mashambani, wako kwenye benchi za kanisa na kwenye mikeka ya msikiti, wanatembea, na wengi hawajui. Mlima mzima huu umejaa kazi ya mtu mmoja na haionekani. Mimi nikiutazama sasa naona imejaa tele.

Mwalimu, jibu langu ni ndiyo. Nimeliandika hapa kwa sababu kuliandika ndiko ninakoweza. Naogopa bado. Sauti yangu bado ni ndogo, na sijui hadithi yoyote ya mbuzi. Lakini Jumamosi ya kwanza ya Julai nitakuwa getini, na dawa yangu mfukoni na ndizi kwenye mkoba.

Naandikia haya katika chumba chako cha mazoezi, na nasikia hatua kwenye korido, zinakuja kukifunga. Ni zako, hazina haraka. Mtu akinikaribia ninapoandika huwa naulalia ukurasa kwa mkono mzima. Leo nimeondoa mkono, mlango ufunguke.

Kwa niaba ya watumishi, wagonjwa, na watu wote wa Jumamosi: asante, Mwalimu Sefania. Asante kwa michezo uliyotufungia magoli na ile uliyojifanya kufungwa. Tunakutakia magoti yasiyolalamika, plamsi nyingi kwenye miti yako mwenyewe, na maisha mema wewe na mama. Na ukija Jumamosi usikae nyuma, huko pana mtu. Tembea katikati na wenzako, uitikie marahaba zako zote mpaka mwisho. Nitakuwa nazisikia.