Roscoe Gadsden na Kiwanja cha Kona

Marehemu Roscoe Gadsden alizaliwa Orangeburg, Karolina Kusini, tarehe 9 Machi 1948, mtoto wa nne wa Bwana na Bibi Ezra Gadsden. Alisoma huko hadi darasa la nane, kisha familia ikahamia Filadelfia, alikomaliza sekondari mwaka 1966. Akawa fundi bomba, na ni nyumba chache tu za mtaa huu ambazo hakuzigusa.

Tarehe 15 Juni 1974 alimwoa Ozella Pinckney. Ndoa ilikuwa ya watu wawili mpaka mwaka 1993, Roscoe alipochaguliwa mwenyekiti wa shirika la ardhi la mtaa, linaloshika viwanja kwa niaba ya wakazi ili bei za nyumba zisiwafukuze. Tangu hapo Ozella alikuwa na mke mwenza: kiwanja cha kona cha shirika, bustani ya mtaa. Roscoe alikipalilia kabla ya kunywa chai. Sikukuu moja ya ndoa yao alirudi usiku, matope hadi magotini, na kapu la sukuma wiki.

"Nimekuletea zawadi," akasema.

Ozella aliipika, ila hakuionja.

Mwaka 2015 shirika liliamua kujenga pale. Wengine walitaka nyumba tano, kiwanja kizima. Wengine nne, bustani ibaki. Binti yao, Corinne, alikuwa wa tano kwenye foleni ya kupewa nyumba. Kwa desturi ya shirika, mwenye ndugu kwenye foleni hutoka nje wakati wa kura. Roscoe akatoka, akakaa ngazini. Nyumba nne zilishinda kwa kura moja, na Corinne akahamia Delaware na wajukuu.

"Ungebaki mle ndani," Ozella alimwambia.

"Mama Corinne, wangesema nimempa mwanangu ardhi ya watu."

"Waache waseme. Sasa nenda kalale na bustani yako."

Ozella alinuna mpaka Pasaka, na wivu ule haukumtoka.

Agosti 2023 Roscoe aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Kila alipozinduka hospitalini aliuliza kwanza kama nyanya zimemwagiliwa. Alifariki tarehe 2 Oktoba, Ozella akiwa amemshika mkono.

Majirani walikuja kumwomba Ozella mwili uchomwe, majivu yanyunyizwe bustanini.

"Mmekaa naye miaka thelathini," Ozella aliwajibu. "Sasa ni zamu yangu."

Ameacha binti, Corinne, wajukuu wawili, na mjane mmoja tu, Ozella, ambaye nafasi yake makaburini imeshatengwa ubavuni mwa Roscoe. Mungu ampumzishe, na safari hii amtulize mahali pamoja.