Jina la Tatu la Shemeji Yangu Publius Numisius

Marehemu tunayemzika leo hapa kando ya Barabara ya Apius alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu Kanuleia. Mimi naitwa Labeo, yaani Midomo, kwa sababu babu yangu alikuwa nayo minene. Dada ameniomba nimseme marehemu vizuri, na nitajitahidi. Fundi mawe yule pale amekwisha chonga Publius Numisius, anangoja jina la tatu. Hilo ndilo mwanawe Aulus atakalolibeba maisha yake yote na kuwarithisha wanawe.

Alizaliwa Tuskulum, siku tatu kabla ya Ide za Mei, yaani katikati ya mwezi, mwaka ule mto Tiberi ulipofurika hadi soko la ng'ombe. Jina la tatu la kwao ni Varus, yaani Matege, jina alilopewa babu yake mbeba mizigo kwa miguu yake. Hapa Roma jina hulichagui, watu wanakupa. Tuna maseneta waitwao Kipara, Makengeza na Chunjua, na wanatembea kifua mbele. Marehemu ndiye aliyeona haya, tena yeye mwenyewe miguu yake ilikuwa imenyooka kama mwiko.

Alisoma kwa Mgiriki mmoja nyuma ya vibanda vya viungo. Alitoka pale anajua kusoma, kuhesabu na kujisifu, ingawa hilo la mwisho hakufundishwa na mtu.

Kazi yake ilikuwa kuuza siki na mchuzi wa samaki. Vita vya kisiwa cha Korsika vilipopamba moto alipeleka siki jeshini, akatapika njia nzima, akashusha mitungi bandarini na kugeuza na meli ileile. Aliporudi akajiita Korsikus, mshindi wa Korsika, jina ambalo Seneti humpa jemadari aliyeteka nchi! Kinyozini alikutana na mzee Tapulus, askari mstaafu.

"Korsikus? We bwana, mimi vidole vyangu viwili vimebaki kule, na bado wananiita Kitambi. Wewe ulimshinda nani, mbu?"

Kinyozi alicheka mpaka akaweka wembe chini. Marehemu alitoka amenyolewa upande mmoja.

Alimwoa dada yangu mwezi Juni, nyumbani kwetu kilimani Aventino. Walijaliwa mtoto mmoja, Aulus, akazaliwa na matege ya yule babu mbeba mizigo. Marehemu akamfunga mbao miguuni ili inyooke. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, na dada akazifungua mbao zile akazipikia uji. Nilimdharau mtu huyu siku hiyo na sijaacha. Baadaye, wakienda sokoni, alimwamuru kijana atembee nyuma yake, mbali, wasionekane pamoja. Kwa haki niseme alikuwa mpole kwa punda wake. Mvua ikinyesha aliwafunika kwa joho lake mwenyewe, akarudi ameloa chapachapa.

Tumbo lilianza kumjaa maji wakati wa mavuno ya zabibu. Siku yake ya mwisho alimwita mwanawe, nami nikiwapo.

"Aulus, jiwe liandikwe Korsikus. Na wewe ulichukue, watu wasije wakakucheka miguu."

"Baba, miguu yangu hawaicheki. Wanakucheka wewe."

Marehemu aligeukia ukutani, akafariki alfajiri, siku moja baada ya Nona za Novemba, yaani tarehe sita.

Leo Aulus ametangulia mbele ya machela tangu lango la mji, amevaa kanzu fupi, magoti wazi, na mji mzima umemwona. Fundi aliponijia na patasi yake nilimwuliza kijana tuandike nini, maana baba yake aliomba, na ombi la anayekufa ni zito.

"Mjomba, andikeni la kwetu," akasema. "Nataka nimzike baba, sio mtu wa Korsika."

Ameacha mjane, Kanuleia. Punda wanne wanaomlilia kweli. Na mwana mmoja, Aulus Numisius Varus. Fundi, chonga. Udongo usimlemee Publius Numisius Varus, apende asipende.