Bibi Muhuri na Namba 212

Ndugu, majirani na wauguzi wenzetu: dada yangu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, mtoto wa kwanza wa mshona viatu na mkunga wa zahanati. Mimi ninayewasomea nilizaliwa miaka miwili baadaye, na tangu hapo nimekuwa nikimfuata tu. Magauni yake yalinifikia yakiwa yamepauka, na vitabu vyake vikiwa vimeshajazwa majibu. Nilimwonea wivu. Nalisema mapema ili msije mkashangaa huko mbele.

Darasani alikuwa wa kwanza, mimi wa nne, na nyumbani kwetu wa nne hakuulizwa kitu. Aliposomea ukunga, mimi nilichagua uuguzi kwa makusudi, ili angalau niwe na mahali pasipo na dada.

Mwaka 1979 aliolewa na fundi saa, shemeji yangu huyu aliyeketi mbele. Saa iliyoharibika ilikuwa yangu; aliyetumwa kuichukua ni dada. Shemeji, nimeshakusamehe, karibu yote.

Tulihitimu Januari 1981. Wakati huo wakunga walikuwa na baraza lao na wauguzi lao, kila moja na daftari lake. Tulipanga kwenda kusajiliwa siku moja, tarehe 3 Februari, lakini mwanawe wa kwanza akashikwa na surua. Yeye akaenda, mimi nikabaki na mtoto. Nilikwenda tarehe 7. Ajabu ni kwamba kila mmoja wetu alipewa namba 212 katika daftari lake. Nilifurahi mno, maana kwa mara ya kwanza tulilingana.

Marehemu alifanya kazi wodi ya wazazi miaka kumi na tisa, kisha akahamia ofisi ya baraza la wakunga. Huko ndiko alikopewa jina la Bibi Muhuri, kwa kuwa hata barua yake mwenyewe ya kuomba likizo aliirudisha kwa kukosa muhuri. Mwaka 2009 mabaraza yale mawili yaliunganishwa kuwa bodi moja ya leseni, naye akawa katibu wa kamati ya kuunganisha madaftari. Namba ileile ikawa na watu wawili, mkunga na muuguzi. Akaandika kanuni: aliyesajiliwa kwanza abaki na namba yake, mwingine apewe mpya. Yeye akabaki 212. Mimi nikawa 4871. Nilimwendea ofisini, mbele ya makarani wake.

“Dada, siku zile nne nilikuwa nakulelea mwanao!”

“Najua, mdogo wangu. Lakini fomu haina mahali pa kuandika hivyo.”

Nilinuna miaka kumi na tano. Kila nilipohuisha leseni na kuandika 4871, roho iliniuma upya. Kwenye harusi za wanawe nilikuja, ila pichani nilisimama upande wa pili.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Nilimuuguza mimi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na kwa kuwa sikutaka mwingine amguse. Wakunga vijana waliingia wodini wakimwita “mama yetu”, mimi nimeshika beseni. Aliaga dunia Jumanne, 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya wangu.

Jumatano karani wa bodi alikuja msibani na bahasha.

“Mama, alituagiza tusikupe akiwa hai. Alisema ungemrudishia.”

Ndani mlikuwa na leseni yangu mpya, namba 212. Mwezi Machi alikuwa ameiomba bodi tubadilishane namba. Nakala ya ombi lake ilikuwemo, na pembeni, kwa kuwa fomu haina mahali, ameandika kwa mkono: “Alichelewa siku nne. Alikuwa na mwanangu.” Juu ya maneno hayo amegonga muhuri.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na mdogo mmoja. Leo anazikwa akiwa namba 4871. Hiyo 212 ninayo mkobani tangu Jumatano, na wa kumringia sina. Hata hapo amenishinda.

Pumzika kwa amani, dada.